Viti vya Gari la Jirani

Manyunyu yalikuwa yakiuroweka mji wa Leek tangu alfajiri, siku ile mgeni asiyetarajiwa alipobisha mlango wa Norris Tranter. Alikuwa mwanamke wa makamo, amelowa chapachapa kama kuku aliyenyeshewa, na mkononi ameshika ufunguo mkubwa wa banda. Hakuomba kuingia. Alisimama kizingitini, akamtazama Norris juu hadi chini, akauliza, "Wewe ndiye Norris wa magari?"

Norris alibabaika. Katika maisha yake yote hakuwahi kuunda gari hata moja.

Hata hivyo, mgeni hakuwa amepotea njia. Katika chama cha watu wa mji ule wanaojiundia magari nyumbani, hapakuwa na aliyejua mengi kumshinda Norris. Watu hao hununua seti yenye fremu ya chuma, bodi ya faibaglasi iliyofinyangwa kwa umbo la gari la mashindano la zamani, na masanduku ya vipuri. Kisha hutafuta gari kuukuu la kuchinja, wakatoa injini, giaboksi na ekseli, wakaviunganisha vyote gerejini msimu wa baridi. Kazi ikiisha, mtu wa kawaida hupata nakala ya gari ambalo asili yake angeishia kulitazama kwenye picha. Norris aliweza kukueleza bila kupepesa kwamba seti ya Pevensey ilikuwa na fremu madhubuti lakini pua fupi, na kwamba ya Ludlow ilikuwa na pua ya kupendeza lakini milango yake hailingani. Alianza kuchagua nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe kama pamba, naye bado alikuwa akichagua.

Aliwahi hata kununua gari la kuchinja kwa ajili ya Pevensey. Kabla hajafungua skrubu ya kwanza, aliiona Ludlow, moyo ukahama. Na ekseli ya gari lile haikuingia kwenye Ludlow hata kwa nyundo. Basi gari la watu likabaki uani chini ya turubai, likaliwa na kutu, hadi miiba ikaota sakafuni mwake na kuchungulia dirishani.

Jirani yake, Clive Bagnall, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alinunua seti ya kwanza aliyokutana nayo, akaiunda na kuimaliza. Gari lake lilikuwa na pua iliyopinda kama ya bondia na lilivuja mvua ikinyesha, lakini kila Jumapili lilipita barabarani likinguruma, na Clive hakukosa kupiga honi mbele ya nyumba ya Norris.

"Bwana harusi!" alizoea kumwita kutoka ng'ambo ya ua. "Bado unakagua mabinti? Wenzako tunalea wajukuu."

Norris hakuwa mvivu. Alipokuwa mtoto, baba yake alimbeba mabegani kwenda kutazama mashindano ya magari mlimani, na gari moja la kijani likapita karibu nao, chini kama paka anayewinda. Mpindo wa bodi yake juu ya gurudumu la nyuma ulimkaa moyoni tangu siku hiyo. Alitaka mpindo ule ule, na alitaka kumkalisha mkewe ndani yake. Kumkalisha Avis ndani ya gari lenye kasoro aliona ni sawa na kumvisha pete ya bati.

Avis naye alikuwa na shauku yake. Alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha makochi, akishona ngozi, na tangu siku za mwanzo za ndoa walikuwa wamekubaliana kwamba mume ataunda gari, mke atashona viti. Lakini kila seti ina viti vyake, na pasipo vipimo hawezi mtu kukata ngozi. Avis akangoja vipimo. Alingoja hadi majira ya baridi yaliyopita, shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi, ilipoanza kumponyoka vidoleni bila sababu. Daktari wa mji wa jirani, Stoke, aliwaeleza kwa upole kwamba ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ungeanza na mikono, ungepanda hadi ulimini na kifuani, na haukuwa na dawa ya kuurudisha nyuma. Kiangazi kikiisha, vidole visingeweza kushika sindano.

Siku hiyo waliporudi nyumbani, Avis aliinua birika la chai kwa mikono miwili na kuliweka jikoni. Hakulia.

"Chagua lolote, Norris," alisema. "Hata lenye sura mbaya. Nataka nivishone viti vyangu kabla mikono hii haijaniaga."

Norris aliapa kwamba Pasaka haitapita. Pasaka ikapita. Kila alipokaribia kuamua, alijiambia kwamba, kwa kuwa muda wa Avis ni mfupi, ndiyo sababu zaidi ya kutokosea.

Huo ndio wakati alipobisha mgeni. Alipokwisha kukaushwa na kupewa chai, alijieleza kwamba aliitwa Glenys Orrell, na kwamba kaka yake Alwyn alikuwa amefariki akaacha gari la kujiundia katika banda la shamba, nje kidogo ya mji. Banda lilikuwa limeuzwa, na Jumamosi asubuhi ilibidi arudishe ufunguo. Wanunuzi wa vipuri walikwisha kumjia, lakini alikuwa amemwahidi kaka yake kwamba gari lile litaingia barabarani, halitauzwa mfupa kwa mfupa. Hakutaka malipo. Alitaka mtu wa kulimaliza, na chama kikamtajia jina moja tu.

Kesho yake Norris na Avis walikwenda. Norris alimwomba Clive awapeleke, ili naye alitazame gari kwa jicho la pili. Baadaye alijuta sana kumwomba. Ndani ya banda gari lilikuwa limesimama juu ya matofali, bodi imekwisha fungwa, injini imelala kando chini ya blanketi. Avis hakuangalia bodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye viti vitupu vya plastiki, akatoa tepu ya kupimia mfukoni mwa koti, akaanza kupima mgongo, kikalio na pembe, akivirudiarudia vipimo kwa midomo kama mtu anayesali. Vidole vilitetemeka, lakini uso wake ulikuwa umechangamka kuliko ulivyokuwa tangu baridi.

Norris alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Aliinuka, akazunguka gari, akachuchumaa tena. Tao la bodi juu ya gurudumu lilikuwa limekaa juu kidogo. Mpindo haukushuka kama ulivyoshuka utotoni mwake.

"Ni gari zuri," alimwambia Glenys. "Nipe muda kidogo nifikirie."

Clive alimtazama kama anayetazama mtu aliyekataa kamba huku akizama.

"Norris, mtu anakupa gari."

"Tao limekaa juu."

"Wewe hata jeneza lako utamrudishia seremala."

Glenys alisema angengoja hadi Jumamosi, akampa namba ya simu. Walipofika kwenye taa za mjini ndipo Avis aliposema, akitazama nje, "Viti vyake ni rahisi. Ningevimaliza."

Wiki ile yote meza ya chakula ilifunikwa kwa picha za magari. Avis alileta chapati za oti zenye jibini, akaweka sahani juu ya picha makusudi. Norris akaisogeza sahani pembeni, akaendelea kulinganisha. Kufikia Ijumaa alikuwa amejishawishi. Tao lingeweza kukatwa na kufinyangwa upya. Alilala akiwa mwepesi wa moyo. Jumamosi aliamka apige simu, lakini akaona ni vyema atazame kwanza picha moja ya mwisho, na picha hiyo ikamwonyesha nyingine. Alipoinua simu, jua lilikuwa limepanda.

Glenys hakumkaripia. Alimweleza taratibu kwamba alikuwa amemngoja mpaka mwenye banda alipomjia kuchukua ufunguo, ndipo akamwita yule rafiki aliyekuja na Norris bandani, alichukue gari.

Norris alikuwa bado ameshika simu aliposikia lori likirudi nyuma katika uwanja wa jirani, na sauti ya Tamsin, binti yake Clive, ikiliongoza, "Njoo, njoo, njoo, simama." Avis alikuwa amesimama dirishani. Aliliona gari la Alwyn likishushwa kwa kamba; Clive alikuwa amemchukulia binti yake alimalize. Norris alingoja lawama, maana lawama ingekuwa nafuu. Avis aliinua mkono avute pazia, vidole vikateleza juu ya kitambaa mara ya kwanza, vikateleza tena.

"Nifungie," alisema.

Kiangazi kile vidole vyake vilimuaga kimoja baada ya kingine. Norris, kwa hofu, aliipigia karakana ya Ludlow tayari kununua chochote walicho nacho, akaambiwa kwamba mwenyewe amestaafu na kalibu za kufinyangia bodi zimekwisha vunjwa. Wa Pevensey walisema atangoja hadi mwaka ujao. Alikata simu, akakaa ngazini, akaufunika uso kwa mikono. Alikuwa amezunguka kisima miaka nenda miaka rudi akionja maji kwa ncha ya ulimi, na mke wake akifa kwa kiu kando yake.

Ni Avis aliyemwinua. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Viti vya gari la Tamsin bado ni vitupu," alisema. "Vipimo ninavyo kichwani. Mikono utaniazima yako."

"Kwa gari lile?"

"Hilo ndilo nililolipima." Akapumzika kidogo. "Na uniahidi. Siku watakayovitaka, uwapelekee siku hiyo hiyo, vilivyo. Usiende kuwaambia unafikiria."

Norris aliahidi. Clive aliposikia, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alieleza kwamba gari lingekwenda kwa mkaguzi wa serikali Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, na halingekubaliwa bila viti kamili. Likikosa siku hiyo, lingengoja zamu mpaka baridi iishe. Wangevihitaji Jumamosi kabla yake. Tamsin alileta vile viti vitupu na ngozi ya kahawia, akaiweka ngozi magotini kwa Avis ili aigusishe shavu.

Hivyo wakashona. Avis aliketi kwenye kochi na mito pande zote, akataja vipimo na mahali pa kupitisha shazia. Norris akachoma ngozi, akajichoma vidole, akafumua, akarudia. "Unashona kama unafunga gunia la viazi," Avis alimwambia, na wote wawili wakacheka hadi kicheko kikamgeuka Avis kuwa kikohozi. Sauti yake ilipokwisha, walitumia macho. Akiyafumba, Norris alijua afumue. Akiyaacha wazi, alijua aendelee. Kiti cha kwanza kilikamilika. Cha pili kikabakiza mshono mmoja, nao ugonjwa ukafika kifuani. Avis alifariki asubuhi moja yenye ukungu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe uliojaa matundu ya sindano.

Alizikwa Jumanne. Jumamosi ilikuwa siku ya viti.

Mshono wa mwisho Norris aliushona peke yake, bila macho ya kumwongoza. Jumamosi asubuhi alikipeleka kiti dirishani, na pale, kwenye pembe, aliona mshono umekwenda kombo. Ulikuwa umenyooka vizuri, kisha ukatoka nje kama mtu aliyelewa. Ngozi ikishachomwa haisahau tundu. Ilimbidi atafute kipande kipya, akate upya, ashone upya. Hii ilikuwa kazi ya mwisho ya Avis duniani. Watu wangepitisha mkono pale na kusema ndiye aliyeshona hivyo. Clive asingemnyima mfiwa siku chache, na maneno yalikuwa tayari ulimini mwa Norris, yale yale ya siku zote: nipe muda kidogo nifikirie.

Aliushika mkasi. Kisha akaurudisha mezani, akapiga moyo konde, akakikumbatia kiti kile na kutoka nacho, akarudi kuchukua cha pili.

Tamsin alivipokea mlangoni mwa gereji. Nyuma yake lilionekana gari, limepakwa rangi ya kijani, limesimama juu ya magurudumu yake, tao likiwa limekaa juu vile vile. Binti alipitisha kiganja juu ya ngozi, na kilipofika pembeni kikasita.

"Hapo pamepinda," Norris alisema kabla hajaulizwa. "Mkono wangu ndio uliopinda, siyo wa Avis. Lakini alisema nivilete leo, vilivyo."

Tamsin aliitikia kwa kichwa tu, macho yamemjaa machozi. Wakavifunga viti pamoja. Boliti ya mwisho ilipokazwa, Clive alifungua mlango wa abiria, akamwambia kwa sauti ya chini, "Keti, ndugu yangu. Wewe kwanza."

Norris aliweka kiganja juu ya kile kiti, mahali ambapo bega la mkewe lingeegemea. Ngozi ilikuwa baridi.

"Hapana," alisema. "Nimekuja kuleta viti tu."

Akaondoka taratibu kuelekea nyumbani kwake, mtu aliyeyajua magari yote ya mji ule na asiwe na hata moja. Nyuma yake injini iliwashwa na kunguruma, naye hakugeuka. Kweli, mchagua jembe si mkulima.