Boksi la Besi la Fundi Majeneza

Wiki moja kabla ya Pasaka, boksi la spika ya besi la kwaya moja ya Tukuyu lilianguka kutoka kwenye pikapu likapasuka. Spika yenyewe ilipona. Seremala wa karibu alikuwa mmoja tu, Ambakisye, naye alitengeneza majeneza. Kitanda alichokiweka mbele ya karakana yake kilikaa mwaka mzima bila mnunuzi. Hakuna aliyetaka kulala juu ya mbao za mkono ule.

Mpiga gitaa la besi wa kwaya, Gwakisa, alipomwomba boksi jipya, fundi alikubali palepale. Alitaka kufanya walau kazi moja ya walio hai.

"Fundi, ni la besi hilo," wanakwaya walimtania. "Usije ukampima Gwakisa urefu!"

Alilimaliza upesi. Walipolijaribu, sauti ilitoka nyembamba na mbao zikatetemeka. Ambakisye akawasha mshumaa, akaupitisha kwenye maungio huku Gwakisa akipiga. Kwenye kila pengo mwali uliyumba. Fundi alikuwa amezoea wateja wasiolalamika. Ninyi mnaofanya kazi isiyokaguliwa na mtu, pengo hilo mnalijua.

Akalifumua lote. Akaranda upya, akatia gundi, akakaza skrubu, akapitisha mshumaa tena. Mwali ukatulia.

Asubuhi ya Pasaka barabara ilikuwa matope, hivyo vijana wanne walilibeba boksi mabegani. Waliokutana nao walivua kofia. Mwenye pikipiki alizima injini. Mama mmoja akajiunga nyuma yao, akauliza kwa sauti ya chini, "Jamani, nani tena katutoka, siku kama ya leo?"

"Hajafa mtu, mama," Gwakisa alimjibu. "Twende kanisani. Wa humu ataongea mwenyewe."

Kwaya iliposimama, Gwakisa aligusa uzi wa chini. Sauti ilipita sakafuni, ikapanda kwenye mabenchi, vioo vya madirisha vikaitikia. Waliokaa wakasimama. Mama yule ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Ambakisye alikuwa benchi la mwisho. Kwa miaka yote kazi yake ilikuwa imepokelewa kwa kilio. Siku hiyo ilipokelewa kwa vigelegele, kanisa zima.

Jumanne mama yule alifika karakanani. Akainama, akakagua maungio ya kile kitanda, akasema anakichukua. Binti yake alikuwa karibu kujifungua. Vijana walewale wanne walikibeba mabegani kupita barabara ileile. Hakuna aliyevua kofia.