Kona za Njia ya Ikombo

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Senkondo ni kwamba mkewe, Nambike, aliomba asogezewe kigoda karibu na moto, maana magoti yalikuwa yanamuuma. Senkondo alikisogeza. Alipogeuka kuchukua kuni, Nambike alikuwa amekwisha kukata roho.

Zamani hizo njia zote za milimani zilinyooka. Wapasua njia walivuta kamba ya mgomba kutoka bondeni hadi kileleni, wakafyeka pale ilipopita. Senkondo ndiye aliyesifiwa kuliko wote, kwa njia yake ya Mlima Ikombo ambayo haikupinda hata unyayo mmoja. Walio hai walipita hapo, na siku ya saba baada ya maziko wafu nao, wakiwa ukungu, walipita hapohapo kwenda kwa wahenga wao, kule juu ambako ukungu hauondoki. Aliyeshindwa kufika aligeuka umande wa bondeni, na umande haukumbuki jina la mtu.

Siku ya sita shemeji yake, Nakiete, alimletea uji.

“Shemeji, dada atapandaje njia yako ile? Mbuzi wenyewe huishuka kwa makalio.”

“Wafu hawana magoti,” alisema Senkondo.

“Nani kakwambia? Wewe ulikufa lini?”

Uji ulipoa. Jioni Senkondo alikwenda chini ya mlima. Ukungu mweupe ulikuwa umelala penye mwanzo wa njia. Ukapanda hatua chache, ukasita, ukarudi chini. Baada ya muda ukajaribu tena, ukaishia palepale. Senkondo akaelewa kwamba maisha yake yote alikuwa akikata njia kwa ajili ya macho ya watu, wala si kwa miguu yao.

Na tangu hapo njia ya Ikombo hupinda na kupinda, na kila kona ina mahali pa kukaa. Wapandaji huinung'unikia kwa urefu wake. Kisha hukaa, hutazama bonde, na ukungu huwapita taratibu ukielekea juu.

Kona ya kwanza Senkondo aliikata asubuhi ya siku ya saba, kabla jua halijachomoza. Alisawazisha udongo kwa viganja, akalaza jiwe bapa, akasogea kando. Ukungu ukapanda, ukatulia juu ya jiwe. Naye akachukua jembe lake, akaenda kukata kona ya pili.