Maji ya Kwanza ya Senzota

Hapo zamani, katika kijiji kimoja cha milimani Upare, aliishi mzee aitwaye Senzota, mwenye kazi aliyoipenda kuliko chakula. Na chakula alikipenda, msinielewe vibaya. Kazi yake ilikuwa kufungua ndiva, lile bwawa la juu mlimani linalokusanya maji ya kijito na kuyateremsha kwenye mifereji ya mashamba. Desturi ilikuwa hivi: mfunguaji hupanda kwa miguu yake mwenyewe, habebwi wala hashikwi mkono. Siku ya kufungua msimu, yeye ndiye huchagua shamba litakalopata maji ya kwanza. Akishindwa kupanda, kazi inahamia ukoo mwingine, basi.

Alipofikisha miaka sabini, Senzota alikuwa amenenepa. Makande yake yalielea samli, kibuyu cha pombe ya miwa hakikukauka, na kutwa alikuwa kigodani. Mwaka ule alipanda huku akipumzika mara tisa. Watu walimsubiri juu mpaka wengine wakasinzia.

Alipofika, Mbazi, ambaye tangu ujana yeye na Senzota walikuwa hawaivi chungu kimoja, akasema mbele ya wote: "Mwakani huyu mtampandisha kwa machela. Ukoo wangu unao watu wenye magoti."

Watu walicheka. Senzota aliumia sana. Kesho yake, kwa hasira tu, akashika fimbo, akapanda kidogo, akahema, akarudi. Kesho kutwa tena akapanda, akahema, akarudi.

Mkewe, Nakijwa, aliyaona hayo. Samli yote akampa dada yake, kibuyu akakificha darini, makande akayajaza mchicha.

"Hiki ni chakula cha mgonjwa?" Senzota akauliza.

"Ni chakula changu. Ukiniona nakula kingine, na wewe ule."

Na kweli, mwanamke yule mwembamba, asiyeumwa hata kidole, hakuonja samli mwaka mzima.

Mambo yakanyooka. Kisha ikaja masika, na masika ikaja na mafua. Senzota akakaa ndani wiki moja, wiki ikazaa mwezi. Fimbo ikawa ya kufukuzia kuku. Hasira juu ya Mbazi ilikuwa imepoa, na mchicha peke yake haumtoi mtu kitini. Mzee akajiambia imekwisha, na alipojiambia hivyo alilia, uso ameugeuzia ukutani.

Ndipo akabisha hodi Naetwe, jirani yao, mjane mfinyanzi mwenye kishamba cha maharage. "Kaka, kwenye njia ya kupanda kwenda kuchimba udongo wa vyungu kuna mbwa mkali. Nisindikize, naogopa."

Mwanamume gani angekataa? Akamsindikiza. Kesho yake Naetwe akaja tena. Kila alfajiri, kwa miezi mitano: "Kaka, yule mbwa." Na mbwa hakuonekana hata mkia.

Siku ya kufungua ndiva ikafika. Senzota alipanda bila kupumzika hata mara moja, furaha ikamjaa mpaka akasahau kusalimia. Lakini jua lilikuwa kali mwaka ule. Maharage yalikuwa yamenyauka, na maji ya siku ile yalitosha shamba moja tu. La pili lingesubiri siku tatu, kama lingeweza.

Mbazi akasogea. "Niliitaka kazi yako, sikatai. Lakini ningenyamaza, ungekuwa kigodani mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuinua, basi maji ya kwanza yaje shambani kwangu."

Nakijwa akamwambia mumewe, "Baba Nanzia, miguu hiyo imelishwa na nani? Nimejinyima pamoja nawe mwaka mzima. Na shamba langu ni langu, si lako, usiogope watakaosema umejipa mwenyewe."

Naetwe akainamisha kichwa. "Mbwa hakuwepo, kaka. Nilikudanganya. Udongo wa kunitosha nilikuwa nao nyumbani, na bado niliamka kila alfajiri. Wenzangu walikuwa na mtu anayetembea. Mimi nilimkuta ameshakata tamaa."

Senzota akapiga magoti, akashika kizibo cha ndiva kwa mikono miwili. Chini aliona vizuri mashamba ya wale watatu, yote yamekauka, na wenyewe wamesimama nyuma yake.

Haya, wasikilizaji wangu, msinitazame mimi, sikuwa mfunguaji. Mmoja alimuudhi akaanza, mmoja alijinyima ili aweze, mmoja alimdanganya ili arudi njiani. Mikono yenu ndiyo iliyoshika kizibo sasa. Je, nani alistahili maji ya kwanza?