Kamba Shingoni mwa Mtungi

Tulieni, wajukuu zangu, niwaeleze jambo mnaloliona kila siku bila kuliuliza. Zamani zile, huku milimani kwetu Upare, mitungi yote ilikuwa na shingo laini, isiyo na hata mkwaruzo. Na mfinyanzi aliyetaka udongo alishuka shimoni bila kumwambia mtu.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Namkunda. Mitungi yake ilisifiwa vijiji vyote vya karibu, lakini nyumbani ufinyanzi ulimletea ugomvi. Mumewe, Senkondo, alilima mtama, na kila masika alimtaka kwenye palizi. Mwaka huo Namkunda alipalilia siku tatu. Siku ya nne aliweka jembe chini, akachukua kikapu.

"Ukienda shimoni leo usinitarajie," Senkondo alimwambia mbele ya majirani. "Mguu wangu haukanyagi pale."

Namkunda akashika njia ya bondeni. Mama mkwe wake, Nakijwa, ambaye naye alikuwa mfinyanzi hadi uzee ulipomlegeza mikono, alimfuata akaketi ukingoni apokee udongo.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Udongo mzuri, mweusi wenye kunata, ulikuwa chini kabisa. Walijaza kikapu kimoja, lakini Namkunda akataka zaidi, akazidi kuchimba akiingia chini ya ukuta wa shimo. Nakijwa akaona ufa ukitambaa ukutani. Kabla hajatamka neno, ukuta ukaporomoka.

Namkunda alifukiwa hadi kifuani. Pumzi ilimtoka vipande vipande, sauti haikutoka. Bibi kizee akapiga yowe.

Ng'ambo ya bonde Senkondo alilisikia, akasimama. Alikumbuka kiapo chake. Yowe la pili likaja, naye bado amesimama. Akangoja la tatu. Lilipokosekana, hakungoja tena. Alifungua kamba ya ng'ombe kwenye kigingi, akakimbia.

Alimkuta mama yake ameingia shimoni, sauti imemkauka, anafukua kwa kucha. Senkondo alimpitishia mkewe kamba chini ya makwapa, akapanda ukingoni, akavuta kwa nguvu zake zote. Udongo ukamporomokea tena Namkunda, ukamfika mabegani.

"Usivute hivyo, utamuua!" mama yake akamkemea. "Vuta anapotoa pumzi. Akiivuta ndani, tulia."

Basi wakaenda kwa pumzi zake. Akitoa, Senkondo anavuta kidogo. Akivuta ndani, anakaza kamba na kungoja, huku Nakijwa akifukua. Ukuta wa pili nao ukaanza kudondosha madonge.

"Mtoe Mama kwanza," Namkunda akanong'ona.

"Nyamaza, upumue," bibi akamjibu.

Jua lilikuwa limeinama udongo ulipomwachia. Senkondo aliwatoa wote wawili, na walipofika kwenye majani, ukuta wa pili ukaanguka, shimo likajaa.

Senkondo akaanza kuifungua kamba.

"Nililisikia yowe la kwanza," alisema. "Nikasimama tu."

Namkunda akamalizia kuifungua mwenyewe.

Mwaka huo magugu yaliula mtama nusu. Namkunda alipopona kiasi, alifinyanga mtungi kwa udongo wa kile kikapu kimoja. Lakini mikono ilikuwa haijapata nguvu, na shingo ya mtungi ikaanza kulegea. Senkondo alikuwa uani. Bila kuambiwa, alichukua ile kamba ya ng'ombe, akaizungushia ile shingo taratibu, akaishikilia hadi udongo ukakaza. Alipoiondoa, alama za msokoto zilibaki. Akachovya kijiwe majini ili azilainishe.

"Acha," Namkunda akasema. "Usizifute."

Na tangu siku hiyo wafinyanzi wa huku huzungushia mtungi kamba shingoni kabla haujakauka. Wala hakuna ashukaye shimoni pasipo mtu wa nyumbani kwake kusimama ukingoni, ameshika ncha ya kamba, hata kama wameamka wakigombana.