Ukuti wa Bibi Chausiku

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni karibu. Sauti yangu ni ndogo, na mto ninaokwenda kuwasimulia ni mpana.

Hapo zamani za kale, kabla ya mtu yeyote kuota daraja, kulikuwa na kijiji kando ya mto. Nyumba huku, mashamba ng'ambo. Watoto huku, gulio ng'ambo. Hata maji matamu ya kunywa yalikuwa ng'ambo. Basi kila aliyetaka kula alivuka, na kila aliyevuka alipanda chelezo.

Chelezo chenyewe kilikuwa magogo yaliyofungwa pamoja. Kamba nene ya makumbi ya nazi ilipita juu ya mto, huku imefungwa na ng'ambo imefungwa. Wanaume walisimama juu ya chelezo, wakaishika kamba ile, wakavuta. Wa mbele aliita, wenzake wakaitikia.

"Kaza!"

"Nimekaza!"

"Kaza tena!"

"Nimekaza!"

"Tuko wapi?"

"Tumefika!"

Kwiii, kamba. Kwaa, magogo. Kwiii, kwaa, kwiii, kwaa, mpaka ng'ambo. Wakifika, wanageuza nyuso zao, wanaanza upya.

Kamba hiyo ilisokotwa na mwanamke mmoja. Jina lake Chausiku binti Mntangi. Wako wanaosema aliitwa Bibi Kamba. Hapana. Hilo lilikuwa jina la utani, nalo hakulipenda. Jina lake Chausiku. Aliyafukia makumbi matopeni, akayafukua, akayaponda kwa rungu, pu! pu! pu!, akasokota nyuzi juu ya paja lake. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake.

Msokotaji wa kamba alikuwa na kazi nyingine. Kila jua lilipofika utosini, Bibi Chausiku alishuka mtoni na ukuti mbichi wa mnazi mkononi. Aliishika kamba, akaipapasa, akaiuliza, "Umechoka?" Kisha akaijibia mwenyewe, "Nimechoka." Akaifunga ule ukuti. Kamba ikalegezwa, ikalazwa majini inywe. Na ukuti ukishafungwa, basi. Havuki mtu. Havuki bibi harusi, haivuki maiti, havuki Jumbe. Zamani sana Jumbe mmoja aliufungua ukuti kabla ya wakati, kamba ikakatika katikati ya mto, chelezo kikaondoka na watoto wake. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuugusa.

Mnanisikia?

"Tunakusikia!"

Basi kamba ilipumzika. Watu je? Kamba ilipolala, wavutaji walipelekwa kulima mpunga wa Jumbe. Kamba ilipoamka, walirudishwa mtoni. Jumbe wa wakati huo aliitwa Sekibaha, na chelezo kilikuwa chake. Mnyapara wake aliitwa Mbaruku. Wavutaji wawili walikufa, na pengo halikuzibwa. Wengine wakahama usiku, na pengo halikuzibwa. Magogo yalioza, yakaachwa yaoze. Abiria tu ndio walioongezeka. Walipanda na mbuzi, na vikapu, na magunia, wakasimama wakibanana, maji yakiwafika vifundoni.

Na hao abiria walimtukana nani? Mvutaji.

"Nyie mnavuta au mnapapasa?" alisema Mwanjaa, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mwenye ulimi.

"Njoo uvute wewe, shangazi," alijibu mvutaji wa mbele.

"Nikivuta mimi, wewe utafinyanga?"

"Nitafinyanga. Angalau chungu hukaa kimya."

Watu wakacheka. Mvutaji naye alicheka, kisha akakohoa, akakohoa, mpaka akaiachia kamba kwa mkono mmoja. Huyo alikuwa Kilua, mwana wa pekee wa Bibi Chausiku. Baba yake, Semngindo, alivuta mahali pale pale pa mbele, akafia pale pale, vidole vimeng'ang'ania kamba. Ilibidi mkewe aje avifungue kimoja kimoja.

Sasa Bibi Chausiku alimtazama mwanawe akirudi nyumbani. Alimwona akisinzia na tonge mkononi. Aliliona kohozi lake lina wekundu. Asubuhi aliponda makumbi, pu! pu! pu!, akawaza kwamba anasokota kitu cha kumuua mtoto wake, kama alivyosokota kilichomuua mumewe.

Akainuka. Magoti yalimuuma. Akaenda kwa Jumbe.

"Karibu, Bibi," alisema Sekibaha. Hakuwa mtu wa kelele. "Kamba inataka nini?"

"Kamba haitaki kitu. Watu wanataka. Ongeza wavutaji, uwape adhuhuri yao wapumzike. Na yale magogo yameoza, Jumbe. Siku moja yatatumwaga sote."

"Nitaliangalia."

Akangoja. Hakuna kilichoangaliwa. Akaenda tena.

"Karibu, Bibi. Kamba inataka nini?"

"Ni lile la juzi."

"Nitaliangalia."

Akangoja. Akaenda mara ya tatu. Safari hii Jumbe hakumkaribisha. Alisema tu, "Mto hauchoki, Bibi. Wanaoushinda mto wasijifunze kuchoka."

Basi akawaendea abiria. Akapita nyumba hata nyumba, mlango hata mlango. Hodi. Karibu. Hodi. Karibu. Walimpa maji, walimpa kigoda, walimsikiliza.

"Kweli chelezo ni kibovu," alisema Mwanjaa. "Tunavuka roho mkononi. Lakini wavutaji ni watu wa Jumbe, Bibi. Hayo ni yao na Jumbe wao. Mimi na vyungu vyangu naingiaje?"

Na nyumba ya pili vivyo hivyo. Na ya tatu vivyo hivyo. Bibi Chausiku akarudi kwake, akaketi kizingitini, akashindwa hata kuvua ushungi.

Ikafika siku moja chelezo kimejaa kupita siku zote. Mto umevimba. Kilua anaita.

"Kaza!"

"Nimekaza!"

"Kaza tena!"

Kimya. Wenzake hawakuwa na pumzi ya kuitikia. Gogo moja likachomoka, kraa! Chelezo kikainama. Chubwi! Mbuzi. Chubwi! Vyungu. Chubwi! Mwanjaa mwenyewe.

Kilua aliiachia kamba, akajitupa majini. Alimshika Mwanjaa kwa kanga, akamsukuma hadi kwenye matete, akatoka naye. Alipofika nchi kavu alianguka kifudifudi, akatapika maji na damu.

Na Mbaruku mnyapara akasema nini? Akasema, "Ameiachia kamba. Kesho atavuta, na adhuhuri atalima peke yake sehemu ya wote, ili ajue kushika."

Bibi Chausiku alisikia. Alijua kesho hiyo mwanawe hataimaliza.

Kulipopambazuka, watu walijaa ukingoni. Ilikuwa siku ya gulio. Tena ilikuwa siku ya harusi ya binti wa Jumbe, aliyekuwa akiolewa ng'ambo alikokwisha kutangulia, na Jumbe mwenyewe alikuja na kanzu nyeupe na walinzi na vijakazi na zawadi. Wavutaji wamesimama karibu na chelezo, Kilua mbele, macho yamezama.

Bibi Chausiku akaja. Mkononi hakushika ukuti mmoja. Alishika mzigo mzima.

"Jua bado, Bibi," alisema Mbaruku. "Umeamka vibaya leo?"

Bibi Chausiku alipita mbele yake. Aliipita kamba. Akaenda moja kwa moja kwa mwanawe, akaupapasa mkono wake toka begani hadi kiganjani, polepole, kama alivyozoea kupapasa kamba. Akauliza, "Umechoka?"

Kilua alimtazama. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyemuuliza swali hilo mahali pale.

"Nimechoka, mama."

Akamfunga ukuti mkononi.

Akaenda kwa wa pili. "Umechoka?"

"Nimechoka, Bibi."

Akafunga.

Wa tatu alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Alilia tu. Akafunga.

Mpaka wa mwisho. Kisha wavutaji wote wakaketi chini, kuti mbichi mikononi mwao, na pale ukingoni pakawa kimya mpaka ukasikia mto, shwaaa.

Mbaruku akacheka. "Hao si kamba, Bibi."

"Njoo hapa," alisema Bibi Chausiku. Akakifungua kiganja cha Kilua mbele yake. Nyuzi za makumbi zilikuwa zimeingia ndani ya nyama, miaka na miaka, zimemea humo. "Nionyeshe kamba inaishia wapi, na mtu anaanzia wapi. Ukipaona, fungua."

Mbaruku alitazama. Alinyoosha mkono. Akaurudisha, akaupangusa kwenye nguo yake kana kwamba umeungua.

Jumbe Sekibaha akasogea. "Bibi, wafungue. Leo namwoza binti yangu."

"Mimi kazi yangu kufunga. Sijawahi kufungua kabla ya kamba kupumzika. Fungua wewe, Jumbe."

Hakufungua. Alikuwa na watoto.

Akawageukia abiria. "Nyie! Shikeni kamba tuvuke!"

Watu wakatazamana. Wengine walikuwa na hasira na Bibi Chausiku, kwa kuwa gulio lilikuwa linawapita. Ndipo Mwanjaa akatoka kundini. Akaenda akaketi chini kando ya Kilua, kanga yake bado ina tope la jana.

"Mimi sivuki," alisema. "Nilikuwa namtukana huyu kila siku iendayo kwa Mungu. Jana wale niliokuwa nacheka nao hawakulowa hata ukucha. Aliyelowa ni yeye. Sivuki mpaka apumzike."

"Na vyungu vyako, Mwanjaa?" mtu akauliza.

"Vyungu viko chini ya mto. Kavichukue."

Mmoja akaketi. Wawili wakaketi. Ukingo mzima ukaketi.

Lakini harusi haina kungoja, na kamba yenyewe haikuwa na ukuti. Jumbe akawaamuru Mbaruku na walinzi wake wavute. Wakapanda, Jumbe na kanzu yake katikati. Mbaruku akashika mbele.

"Kaza!"

"Tumekaza!"

Kwiii, kwaa. Kwiii, kwaa. Wakafika katikati ya mto. Mkondo ukakishika chelezo. Kwiii. Kwiii. Hakiendi mbele. Hakirudi nyuma. Maji yakapanda juu ya magogo, kanzu ya Jumbe ikalowa hadi magotini.

"Kaza tena!" alisema Jumbe.

"Nimechoka, Jumbe," alisema Mbaruku.

Ukingoni wavutaji waliinama wasionekane wanacheka. Kilua alicheka hadharani, akakohoa, akacheka tena.

Jumbe Sekibaha akaishika kamba kwa mikono yake. Akavuta pamoja nao, kwiii, kwa kushindana na mto, si kwenda ng'ambo bali kurudi walikotoka. Jua lilipanda. Jua lilifika utosini. Jua liliinama. Ng'ambo ngoma za harusi zilipigwa, zikangoja, zikanyamaza. Ndipo chelezo kikagusa mchanga.

Jumbe alishuka, akaketi matopeni. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimejaa nyuzi. Bibi Chausiku akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia ko! ko! Akaushika mkono wake. Akaupapasa toka begani hadi kiganjani. Akaanza kuzitoa nyuzi, moja moja.

"Umechoka?" aliuliza.

Jumbe alitazama ng'ambo, ambako binti yake alikuwa ameolewa bila yeye.

"Nimechoka, Bibi."

Akamfunga ukuti. Naye pia.

Baadaye Jumbe akauliza, "Kamba hupumzika mpaka lini?"

"Mpaka ishibe maji."

"Na hawa?"

"Mpaka wapate wa kuwapokea."

Basi kukawa na wa kuwapokea. Wavutaji wakaongezwa, wakagawanywa zamu, hawa asubuhi na hawa jioni. Adhuhuri ikawa ya kamba na ya watu. Abiria walikwenda msituni pamoja na watu wa Jumbe wakakata magogo mapya, na Mwanjaa akawa ndiye wa kusema, "Chelezo kimejaa, subirini kinachofuata," na kwa ulimi wake hakuna aliyebishana.

Lakini msidhani mambo yaliishia siku ile. Jumbe alisahau. Akakumbushwa. Akasahau tena. Akafa, akaja mwingine, naye akataka kurudisha ya zamani. Kila mara Bibi Chausiku aliinuka na magoti yake, akapita nyumba hata nyumba, mlango hata mlango. Hodi. Karibu. Hodi. Karibu. Wakati mwingine alishinda. Wakati mwingine alirudi akaketi kizingitini, na kesho yake akaanza tena.

Kilua hakufa. Lakini pumzi yake haikurudi kamili, wala hakuvuta tena. Alikaa na mama yake akajifunza kusokota. Watu walimtania kwamba anafanya kazi ya wanawake. Alisema, "Ndiyo. Nendeni mkavuke juu yake."

Mwaka mmoja, mchana, Bibi Chausiku aliketi juu ya rundo la makumbi, rungu mkononi. Pu. Akanyamaza. Pu. Akanyamaza. Kilua akaacha uzi wake. Akamsogelea, akaupapasa mkono wake toka begani hadi kiganjani.

"Umechoka, mama?"

"Nimechoka, mwanangu."

Kilua akaenda akakata ukuti mbichi, akamfunga mkononi. Rungu akaliweka mbali. Na tangu siku ile, hodi za kwenye milango alipiga Kilua.

Funzo lake si la kutafuta mbali. Chombo cha kuwavusha watu si magogo peke yake, wala kamba peke yake. Anayevuta naye ni chombo. Ukitaka ufike salama, muulize kama amechoka, na akijibu, keti naye chini.

Kaza!

"Tumekaza!"

Tuko wapi?

"Tumefika!"

Basi hadithi yangu nimeifikisha ng'ambo. Shukeni taratibu.