Hodi ya Nne Ziwani

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, maana leo kuna mama anayengoja kuitikiwa.

Bi Shekue wa Pate alisafiri na bintiye Somoe mpaka Uchina, kulitazama ziwa ambalo wafalme wa kale walilijengea madaraja ya mawe. Somoe akainama darajani achume yungiyungi moja tu. Maji yakafunguka, yakammeza, yakajifunga.

Muuza chai wa pale ukingoni akamwambia mama, "Ziwa hili ni nyumba ya jini. Mwanao yu hai. Piga hodi. Ukikaribishwa, ingia ukamchukue."

Asubuhi Bi Shekue akapiga hodi. Kimya. Adhuhuri akapiga hodi, sauti imeshamkauka. Kimya. Alasiri akapiga hodi huku akiyachapa maji kwa viganja. Kimya, samaki tu wakimtazama.

Hodi tatu zilikwisha, na kwao Pate mtu mwenye adabu hapo hugeuka akaenda zake.

"Adabu nitairudia nikishampata mwanangu!" akalia. "Hodi! Hodi, enyi msio na huruma!"

Maji yakafunguka. Sauti ikapanda, tamu, tulivu. "Karibu, mama. Karibu ndani."

Ilikuwa sauti ya Somoe. Bi Shekue akarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa aliyetekwa halisemi neno hilo la "karibu". Hulisema mwenye nyumba.

Akavua viatu ukingoni, kama mgeni yeyote, akaingia.

Ngano yangu inaishia hapo mlangoni, maana mimi sikukaribishwa.