Faki na Mbayuwayu wa Soko la Nguo

Hapo zamani, katika mji wa Mkole, palikuwa na soko la nguo lenye paa refu la boriti, na chini ya paa hilo wachuuzi arobaini walitandaza majora yao ya bafta na hariri. Huko juu mbayuwayu walijenga viota vya udongo, na vinyesi vyao vikadondokea nguo, ikawa kazi ya kila asubuhi ni kufuta na kunung'unika. Hamali wa soko hilo aliitwa Faki Mrashi, mtu asiye na kitu ila kamba yake ya kubebea mizigo. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa alishika maneno kama yalivyosemwa; akiambiwa ashike adabu, huuliza iko wapi aishike.

Siku moja Sultani Zubeiri akaja kununua kilemba. Akakivaa, akageuka huku na huku watu wamwone, na papo hapo mbayuwayu akamwangushia haja yake katikati ya kilemba kile. Wachuuzi wakaficha nyuso zao nyuma ya majora. Faki peke yake akasema, "Adabu wamekosa, bwana wangu, ila shabaha hawakukosa."

Sultani akamkazia macho. "Kwa kuwa una ulimi, kazi hii ni yako. Ijumaa nitasimama mahali hapa hapa, niinue uso wangu. Nikimwona ndege hata mmoja, soko hili litafungwa, nawe utahama mji. Na amri yangu ya zamani waijua: avunjaye kiota chenye makinda, makazi yake ni gerezani."

"Nimesikia, bwana wangu. Sharti ni kwamba usimwone ndege?"

"Nisimwone."

"Na neno la sultani halirudi nyuma?"

"Halirudi," akasema Sultani, akaenda zake.

Basi wachuuzi wakamzunguka Faki kwa maneno makali. Bi Mwanakheri, mjane aliyelea watoto wanne kwa kuuza leso sokoni humo, hakumtukana. Alikaa kitako akajifuta machozi. "Mwanangu Faki, mzaha wako umetuponza. Soko likifungwa, mie nitakwenda wapi?"

Faki akaenda kutafuta njia ya kuwafukuza ndege. Akaazima ngoma, akaipiga kutwa nzima. Mbayuwayu wakatoka, wakazunguka, wakarudi, maana makinda walikuwa wakilia njaa. Kesho yake akafukiza majani mabichi, wakakohoa wachuuzi, ndege wasijali.

Siku ya Jumatano akajilaza juu ya majora, amekata tamaa. Bi Mwanakheri alikuwa akifunika leso zake kwa jamvi kuukuu zisichafuke. Faki akamtazama, kisha akatazama boriti, kisha akamtazama tena.

"Mama, jamvi hilo haliwezi kukaa juu kidogo?"

"Juu wapi?"

"Juu ya vichwa vyetu sote."

Kila mchuuzi akaleta majamvi ya nyumbani kwake. Wakayashona pamoja, Faki akapanda na kamba yake akayatundika chini ya boriti, ukuta hata ukuta, akaacha madirisha ya juu wazi, mbayuwayu waingie na kutoka watakavyo.

Ijumaa Sultani akaja na waziri wake. Akasimama pale pale, akainua uso. Akaona ukindu uliosukwa, mweupe na mwekundu, na nguo zote chini yake safi. Lakini huko juu kelele za makinda zilijaa.

"Faki, nasikia ndege."

"Ni kweli, bwana wangu. Wewe uliniagiza macho, masikio hukuniagiza."

Sultani akamgeukia waziri. "Nilisemaje?"

Waziri akajibu, "Ulisema usimwone ndege, bwana. Na kwamba neno lako halirudi."

Sultani akakunja uso. Wachuuzi wakainama, na Bi Mwanakheri akafumba macho. Kisha mabega ya Sultani yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akashikilia nguzo.

Akamvuta Faki kando, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wauona ule mwavuli ninaofunikiwa barazani?"

"Mwavuli wa enzi, bwana wangu. Mji mzima wausifu."

"Enzi gani? Juu ya kiti changu kuna njiwa, mwaka wa saba huu, na waziri hakuwa na shauri jingine. Majamvi hayo waweza kunitundikia lini?"

"Hata leo," akasema Faki, "maadamu bwana wangu ataniambia kama njiwa hao asiwaone tu, au pia asiwasikie."

Basi soko halikufungwa. Wachuuzi wakalipwa majamvi mapya kwa yale yaliyotundikwa, na Faki akavishwa joho la hariri, akawa msimamizi wa soko. Mwavuli wa barazani ukakunjwa, na wageni wakiuliza ule mwavuli wa enzi umekwenda wapi, waziri hujifanya hakusikia. Ndivyo tulivyohadithiwa sisi, nasi hatukuongeza ila chumvi.